Kozi, kikundi, mhariri au akili unde: nani akusaidie kuandika na kuwasilisha tasnifu kwa Kiingereza?

Mwanafunzi wa uzamili akiambiwa na msimamizi wake "rekebisha Kiingereza chako", hutoka ofisini na wazo moja tu: atafute mtu wa kumsahihishia sarufi. Nimesoma rasimu nyingi za tasnifu, za wanaoanza na za wanaokaribia utetezi, na mara nyingi maneno hayo hayahusu sarufi hata kidogo. Yanahusu aya isiyoeleweka inadai nini. Yanahusu sura ya pili inayopanga waandishi foleni, huyu alisema hivi, yule alisema vile, bila kuwakutanisha. Yanahusu sura ya mjadala inayorudia majedwali ya matokeo kana kwamba kuyataja mara ya pili ndiko kuyafafanua. Msimamizi akichoshwa na kurasa za namna hiyo, yote huyaita Kiingereza.

Kwa hiyo kabla hujalipia chochote, jipime. Funga sura unayoiandika, kaa na mwenzako, umweleze kwa Kiswahili, kwa sentensi tatu au nne, sura hiyo inadai nini na ushahidi wake ni upi. Ukiweza kueleza vizuri, basi tatizo lako ni la lugha kweli, na lina dawa za haraka. Ukikwama hata kwa Kiswahili, mhariri hatakusaidia wala programu yoyote haitakusaidia, kwa sababu bado hakuna hoja ya kusahihishwa. Njia ninazozilinganisha hapa zinatofautiana hasa kwa jambo hilo: zipo zinazotibu hoja, zipo zinazotibu sentensi, na chache mno zinatibu vyote viwili.

Tena hatutoki mahali pamoja. Mtanzania wengi wetu tunayemfahamu alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akakutana na Kiingereza cha kufundishia kidato cha kwanza. Mkenya alikianza mapema zaidi, madarasa ya msingi ya kati. Mrundi na Mkongo walioandika kazi yao ya shahada ya kwanza kwa Kifaransa huja Dar es Salaam, Nairobi au Kampala wakiwa na mpangilio mzuri wa hoja, ila wanakosa misemo ya kitaaluma ya Kiingereza. Mnyarwanda inategemea alikuwa darasa la ngapi mwaka 2008, serikali yake ilipoamua kuhamia Kiingereza shuleni. Njia inayomfaa mmoja inaweza kumpotezea mwingine muda.

Kozi: ya chuoni au ya mtandaoni?

Vyuo vyetu vingi huandaa mafunzo mafupi kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, siku mbili au tatu ukumbini: jinsi ya kuandika pendekezo la utafiti, mtindo wa marejeo, matumizi ya programu za kupanga marejeo kama Zotero au Mendeley. Hudhuria. Gharama ni ndogo au hakuna, na utapata kitu ambacho hakuna mtu wa nje atakayekupa: utaratibu wa chuo chako mwenyewe, kuanzia ukurasa wa jalada hadi idadi ya maneno inayoruhusiwa. Upungufu wake ni kwamba mtoa mada huzungumzia tasnifu kwa ujumla, kisha anaondoka bila kusoma hata ukurasa mmoja wa kwako.

Kwa upande wa mtandaoni, mbili ninazozipendekeza ni tofauti sana. Ya kwanza ni AuthorAID, mradi ulioanzishwa mwaka 2007 na INASP, shirika lenye makao yake Oxford, Uingereza, kwa ajili ya watafiti wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Kozi zake za uandishi wa kitafiti ni za bure. Sehemu kubwa ni maandishi, si video, kwa hiyo hazimalizi bando. Washiriki hupewa kazi za kuandika na kusomeana, na kuna utaratibu wa kumkutanisha mtafiti mchanga na mlezi mwenye uzoefu. Ya pili ni kozi ya uandishi wa sayansi ya Chuo Kikuu cha Stanford, inayofundishwa na Kristin Sainani kupitia Coursera. Hii ni ya video, inahitaji intaneti ya uhakika, na cheti chake kinalipiwa. Nguvu yake iko kwenye sentensi: jinsi ya kukata maneno yasiyo na kazi, jinsi ya kurudisha kitenzi mahali pake badala ya kukigeuza nomino ndefu, jinsi ya kuacha kila sentensi ianze na "It was found that".

Mtu wa afya au sayansi asilia ambaye hoja zake ziko sawa ila sentensi zake ni nzito, Stanford itambadilisha. Mtu wa elimu, maendeleo, sosholojia au fani yoyote ambayo hoja ndiyo kazi yenyewe, aanze na AuthorAID. Ningelazimika kuchagua moja kwa kila mtu, ningechagua AuthorAID bila kusita, kwa sababu humo unaandika na binadamu mwingine anasoma ulichoandika.

Jinsi ya kuijua kozi nzuri, hata kama si hizo mbili: tazama kama inafundisha hatua za utangulizi. John Swales, mwanaisimu aliyewahi kufundisha Khartoum kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Michigan, alichambua utangulizi wa makala za kitafiti, na mwaka 1990 akaeleza mpangilio wa hatua tatu ambao hadi leo ndio msingi wa ufundishaji wa uandishi wa kitaaluma. Kwanza unaonyesha kwamba eneo lako ni muhimu. Pili unaonyesha kuna nini ambacho bado hakijajulikana au hakijakaa sawa. Tatu unasema utafiti wako unaijazaje nafasi hiyo.

Tuseme unatafiti wakulima wa mwani wa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Hatua ya kwanza unayo tayari: kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, wakulima wengi ni wanawake, na joto la maji limeitesa aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi sokoni. Hatua ya tatu nayo unayo, kwa kuwa ni malengo ya utafiti wako. Katikati ndipo rasimu nyingi huwa tupu. Mwandishi huanza na dunia nzima, akaja Afrika, akaja Afrika Mashariki, akaja Tanzania, akavuka bahari hadi Unguja, kurasa sita zimekwisha, kisha ghafla: "The objectives of this study were". Hajasema waliomtangulia walichunguza nini, waliishia wapi, na kwa nini swali lake lilistahili kuulizwa. Mtahini atauliza hilo kwanza. Kozi ambayo haikusaidii kuandika kurasa hizo za katikati, hata ikikufundisha alama zote za uandishi, imekufundisha nusu.

Ipo pia hazina ya bure ya Chuo Kikuu cha Manchester, Academic Phrasebank, iliyokusanywa na John Morley. Ni misemo iliyopangwa kwa kazi zake: ya kutambulisha pengo, ya kulinganisha matokeo yako na ya wengine, ya kukubali mipaka ya utafiti. Kwa aliyetoka kwenye Kifaransa ina thamani kubwa, kwa sababu hoja anazo, anachokosa ni namna Kiingereza kinavyozifunga. Kwa ambaye hoja bado haijasimama inaweza kuwa mtego: unapata aya inayosikika kitaaluma kabisa na ndani yake hakuna dai lolote.

Kama wewe ni mwanataaluma uliyeajiriwa kwenye taasisi mwanachama wa CARTA, sahau kwanza yote niliyosema juu ya kozi na uombe nafasi huko. Ni muungano wa vyuo na taasisi za utafiti za Afrika ulioanzishwa mwaka 2008, ukiongozwa na APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha Nairobi, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini. Wanafunzi wake wa uzamivu hupitia semina nne za pamoja katika safari nzima ya masomo, na wanaandika, wanawasilisha na kukosolewa humo. Nafasi ni chache na ushindani ni mkubwa, kwa hiyo wengi wetu tunabaki na njia nyingine.

Kikundi cha kuandika, na msimamizi

Hapa ndipo ningeweka nguvu zangu ningekuwa naanza uzamili leo. Watu wanne au watano wa kitivo kimoja wenye mada tofauti, wanaokutana kila wiki, kila mmoja na kurasa mbili. Si sura nzima, kurasa mbili tu. Zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp siku moja kabla, zinasomwa, kisha mnakaa chini ya mti au kwenye chumba chochote cha semina kilicho wazi.

Andikeni kwa Kiingereza, jadilianeni kwa Kiswahili. Najua wapo watakaopinga, waseme mkikutana mzungumze Kiingereza ili mkizoee. Kuna mahali pa mazoezi hayo, nitafika. Ila hoja ya tasnifu inapochanganuliwa, mtu anahitaji lugha ambayo ndani yake hawezi kujificha. Kwa Kiingereza mwenzako atakuambia "the paragraph is not clear", nawe utatikisa kichwa, mambo yaishe. Kwa Kiswahili atakuambia: "Hapa juu umesema wakulima hawakopi kwa sababu riba ni kubwa, halafu chini unasema hawakopi kwa sababu hawana dhamana. Sasa ni lipi?" Hiyo ndiyo sahihisho inayoibadilisha tasnifu, na aliyeitoa hahitaji kujua Kiingereza kukuzidi.

Kikundi kina maradhi yake. La kwanza ni heshima. Tumelelewa kutomkosoa mtu hadharani, na kama kwenye kikundi kuna kaka au dada aliyekuzidi umri, au mhadhiri msaidizi aliyewahi kukufundisha, utasifu kazi yake yote. Dawa ni utaratibu: msomaji asianze na maoni, aanze kwa kusimulia alichoelewa. "Mimi nimeelewa unasema kwamba…" Mwandishi anyamaze mpaka mwenzake amalize. Kama simulizi halifanani na alichokusudia, hakuna aliyemvunjia mtu heshima na kila mmoja ameliona tatizo. Sarufi isiguswe mpaka hatua hiyo ipite.

La pili ni kwamba vikundi hufa. Vinaanza na watu saba wenye ari, baada ya muda wanabaki wawili, kisha mitihani au msiba au safari ya kukusanya data inamaliza kilichobaki. Vinavyodumu ni vile ambavyo mtu haruhusiwi kuja mikono mitupu, hata kama alichoandika ni nusu ukurasa. Mwanasaikolojia Robert Boice, aliyewachunguza wahadhiri wa Marekani, aliona kwamba walioandika kwa vipindi vifupi vya mara kwa mara walitoa kurasa nyingi kuliko waliongoja wapate muda mrefu usio na bughudha. Kwa mwanafunzi wetu mwenye ajira, familia na foleni ya daladala, muda huo mrefu hauji. Kikundi kinamlazimisha kutumia ule mfupi.

Mlinganishe sasa mwenzako wa kikundi na msimamizi wako. Msimamizi anaijua fani, anawajua watahini, na neno lake moja linaweza kukuokolea muhula mzima. Lakini ana wanafunzi wengine, ana vipindi, ana vikao. Ukimpelekea sura ya kurasa hamsini yenye kila aina ya kasoro, atazisahihisha zile zinazoonekana haraka, yaani tahajia na koma, kwa sababu ndizo anazoweza kuzimaliza usiku mmoja. Ukimpelekea kurasa kumi zilizokwisha kupita kikundini, pamoja na barua fupi ya heshima inayosema "Profesa, naomba hasa maoni yako kuhusu ukurasa wa nne, kama nimemtafsiri sawasawa mwandishi huyu", utapata maoni ya fani. Kwa hiyo sivitazami kama njia mbili za kuchagua moja. Kikundi ndicho kinachomfanya msimamizi awe na manufaa.

Mhariri wa kulipwa au akili unde?

Ulinganisho huu ndio ninaoulizwa zaidi, na hasa siku za mwisho kabla ya kuwasilisha nakala.

Mhariri kwanza. Karibu na kila chuo kuna steshenari inayochapa, kupanga kurasa, kuweka yaliyomo na "kuedit". Kwa kupanga kurasa wako vizuri, walipe bila wasiwasi. Kwa lugha ya kitaaluma ni jambo jingine. Mhariri wa kweli atakubali kukuhariria kurasa mbili kwanza uone kazi yake, atawasha sehemu ya Word inayoonyesha kila alichobadilisha, atakuambia bei kwa ukurasa au kwa maneno kabla hajaanza, na pembeni atakuandikia maswali pale asipoelewa. Akikurudishia kazi safi isiyo na alama hata moja, huwezi kujua amekubadilishia nini, na wewe ndiye utakayesimama mbele ya jopo.

Mpaka wake ni kwamba anasahihisha, haandiki. Nairobi kuna vijana wengi wenye shahada ambao kwao "academic writing" ni ajira ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao kwa malipo. Vipaji hivyo vinaniuma, kwa sababu vingeweza kuandika tasnifu na makala za kwetu zikabeba majina yao. Mwanafunzi wa hapa anayemlipa mtu amwandikie sura anapoteza kitu ambacho cheti hakitamrudishia, mbali na adhabu ya chuo ikigundulika.

Akili unde (wengine huiita akili mnemba, yaani AI) ni rahisi, ina kasi, na haichoki kuulizwa saa nane za usiku. Kwa makosa yanayotokana na Kiswahili chetu inafanya kazi nzuri kwelikweli. Kiswahili hakina "a" wala "the", kwa hiyo tunaviacha au tunavitia pasipostahili. Nafsi yetu ya tatu haitofautishi mwanamume na mwanamke, kwa hiyo mhojiwa wa kike anaanza kama "she" na sentensi mbili baadaye ni "he". Tunaandika "discuss about" na "request for you to". Programu inayanasa haya yote kwa sekunde chache, na ukiiambia ieleze kwa nini imebadilisha, unajifunza. Usiipe sura nzima. Ipe aya moja, ulinganishe, uchague mwenyewe kinachobaki.

Shida inaanza inapolainisha. Uliandika "The results suggest that training may improve yields." Ikakurudishia "The results show that training improves yields." Sarufi ya sentensi zote mbili ni safi, lakini ya pili imedai zaidi ya data yako. Uliwahoji wakulima arobaini wa kata moja, na sasa umeutangazia ulimwengu kwamba mafunzo huongeza mavuno. Vineno vidogo kama "may", "suggest" na "appear to" ndivyo vinavyopima uzito wa dai, na mtahini aliyekomaa huvitazama kabla ya kitu kingine. Mhariri binadamu mwenye uzoefu angekuuliza pembeni: una uhakika kiasi gani? Programu haikuulizi isipoombwa.

Mambo mengine matatu kwa haraka. Programu hizi hubuni marejeo yanayofanana na ya kweli, yenye jina la mwandishi, mwaka na jarida, na ukiyatafuta hayapo. Usiweke rejeo ambalo hujalifungua mwenyewe. Kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, ilitamka mwaka 2023 kwamba programu haiwezi kuwa mwandishi wa makala na kwamba mwandishi anawajibika kwa kila kilichomo, kwa hiyo uliza idara yako na jarida lako wanataka ueleze vipi matumizi yake. Na usibandike humo mahojiano ya watu uliowaahidi usiri.

Nikizipanga kwa hali ya mfuko: mwenye fedha kidogo atumie kikundi, kisha programu kwa aya moja moja, kisha aombe mwenzake mmoja anayeandika vizuri Kiingereza asome sura ya mwisho kwa sauti. Mwenye fedha ya kutosha kurasa chache tu, ampe mhariri ikisiri (abstract), utangulizi na hitimisho, maana ndizo kurasa ambazo kila mtahini husoma kwa makini. Kumlipa mhariri kwa tasnifu nzima kabla msimamizi hajakubali sura zake ni kutupa hela: utaziandika upya.

Vipi kituo cha IELTS?

Kama unaomba nafasi ya masomo nje na chuo kinadai alama ya IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, nenda kajiandae, hakuna njia ya mkato. Lakini usiingie kituo cha maandalizi ukidhani kitakufundisha kuandika tasnifu. Sehemu ya kuandika ya mtihani huo ni saa moja, kazi mbili, moja ya maneno yasiyopungua 150 na nyingine yasiyopungua 250. Hakuna marejeo, hakuna kuwajadili waandishi wengine, hakuna data uliyoikusanya mwenyewe. Matokeo yake hutumika kwa miaka miwili tu, kwa hiyo usikimbilie kufanya kama maombi yako bado yako mbali.

Kuwasilisha: semina, Toastmasters au dakika tatu

Kwenye kuwasilisha watu wengi wanaogopa kitu kisichostahili hofu hiyo. Wanaogopa lafudhi. Lafudhi ya Kisukuma, ya Kipemba au ya Kikikuyu haijawahi kumwangusha mtu mbele ya jopo makini. Kinachoangusha ni slaidi iliyojaa maandishi ambayo mwanafunzi anayasoma akiwa amegeukia ukuta, muda unaoisha akiwa bado kwenye mapitio ya machapisho, na swali la kwanza linalomkuta hajajiandaa. Kuna njia tatu za kujizoeza, yaani Toastmasters, shindano la dakika tatu na semina ya idara, na kila moja ina tatizo inalolitibu.

Toastmasters, mtandao wa klabu za kujizoeza kuhutubia, inatibu woga. Ilianzishwa na Ralph Smedley huko California mwaka 1924, na leo ina klabu Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na miji mingi. Unalipa ada ya uanachama, unapanda kuhutubia kwa kawaida dakika tano hadi saba, kuna mtu wa kushika saa, mtu wa kuhesabu "aah" na "umm" zako, na mtu aliyepangwa kukutathmini papo hapo. Hapa ndipo mahali pa kukizoea Kiingereza cha kusema nilipopataja awali. Mtu anayetetemeka mikono akishika kipaza sauti, sijui njia nyingine inayomsaidia kama hii. Haitakusaidia kwenye fani: wasikilizaji watakupigia makofi, na hakuna atakayekuuliza kwa nini ulichagua sampuli ile.

Dakika tatu inatibu maneno mengi. Shindano hili la kueleza tasnifu yako, 3MT (Three Minute Thesis), lilianzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008: slaidi moja isiyo na mbwembwe zozote, dakika tatu, ukizidisha umetolewa. Dakika tatu ni takriban maneno 400 ukisema kwa mwendo wa kueleweka. Jaribu kuuweka utafiti wako wa miaka mitatu ndani ya maneno 400 na utaona haraka kipi ni kiini na kipi ni mapambo. Kama chuo chako hakina shindano hilo, lifanyeni kikundini kwa saa ya simu. Kwa maoni yangu kila mwanafunzi wa uzamivu angeandika hotuba hii kabla ya kuandika ikisiri, kwa sababu ikisiri nzuri hutoka humo karibu yenyewe.

Semina ya idara inatibu lililo gumu kuliko yote, yaani maswali. Wengi huikwepa mpaka walazimishwe, wakidhani ni kitanzi. Ni kinyume chake: ni mahali pekee ambapo watu wa fani yako watakushambulia na usifeli. Omba nafasi mapema, hata data ikiwa haijakamilika.

Kwa semina ya dakika 15, andika maneno yasiyozidi 1,900 hivi, maana mwendo mzuri kwa msikilizaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili ni kama maneno 120 au 130 kwa dakika. Mapitio ya machapisho yapewe dakika mbili, mbinu mbili au tatu, matokeo na maana yake yachukue zaidi ya nusu ya muda. Kichwa cha kila slaidi kiwe sentensi yenye dai, mathalani "Women farmers sell earlier and at lower prices", badala ya "Results" peke yake. Sentensi hiyo inakushika mkono hata maneno yakikutoka. Kariri dakika ya kwanza na ya mwisho. Ya katikati izungumze, usiikariri, kwa sababu anayekariri yote akikatizwa na swali hajui arudi wapi.

Kwa maswali, jiandae kwa Kiingereza chenyewe, si kwa hoja tu. Uwe na sentensi chache mdomoni ambazo huhitaji kuzifikiria: "Could you please repeat the second part of your question?", "If I understand you correctly, you are asking whether…", "That is beyond the scope of my data, but…" Hizi hukupa muda wa kuvuta pumzi, na ya tatu ni jibu halali kabisa, wala hakuna mtahini anayemshusha mtu kwa kujua data yake inaishia wapi. Wiki moja kabla, waambie wenzako wa kikundi wawe jopo. Wakuulize kwa nini wilaya ile na si nyingine, kwa nini nadharia ile, matokeo yako yanapingana na nani, na ungefanya nini tofauti ungeanza upya. Mmoja aandike kila swali lililokukwamisha. Yale uliyokosa jibu yapeleke moja kwa moja kwenye sehemu ya mipaka ya utafiti na kwenye mjadala wa matokeo, uyajibu kwa maandishi kabla nakala haijaenda kwa watahini.